Aristote Haulizake Njia

Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi mu Malawi, batu banasemaka Fortunée mwenye kushona iko na mudomo. Ni kweli, niko nayo, na leo nitaitumia, juu mutu mwenye kunitia hasira ni ndugu yangu mwenyewe, Aristote, yeye na ile kamashine kake ka njia.

Ilikuwa jipiesi ya zamani, ile yenye benye magari banabandikaka ku kioo. Aliipata kwa mutu mumoja wa kuuza vyuma vya magari kule Chinsapo, mu Lilongwe. Akaifunga ku usukani wa pikipiki na mpira wa tairi, akaifunika sasheti ya plastiki juu ya mvua. Akatafuta tafuta mule ndani mpaka akapata sauti ya mwanamuke wa kusema Kifaransa. Yule mwanamuke njo alikuwa anamwambia: geuka kuume, geuka kushoto, umefika. Siku ya kwanza alizunguka nayo kambi yote, na kambi haikuonekana mule ndani hata kidogo. Ku kioo kulikuwa barabara moja tu, na pembeni yake utupu. Batu benye kujaa hivi, na mashine inaona utupu! Aristote akacheka, akasema haizuru, kambini yeye anajua mwenyewe.

Kazi yake ni kabaza, anabebaka batu na pikipiki, anabapeleka Lilongwe kununua vitu, anabarudisha. Mutu atauliza, sasa mashine ya nini, si aulize njia kwa wenyeji? Eh! Jaribu we. Tangu serikali iliamuru wakimbizi wote barudi kambini, Mukongomani akifungua kinywa kule mujini anajulikana mbele amalize kusema zikomo, ile asante yao. Kichewa chetu kinanuka Bukavu. Na ukijulikana, swali ya pili ni karatasi. Kwa hiyo Aristote akafunga kinywa, akaacha yule mwanamuke wa Kifaransa aongoze. Aliiambia mashine ikwepe barabara kubwa, juu kule kunakuwaka bariere ya polisi na wateja wake wengi hawana karatasi ya kutoka. Alikuwa anapita mu mashamba ya tumbaku, anatokea Kanengo, pa kuingilia muji, nyuma ya maghala, anashusha mutu ku mulango wenyewe. Batu bakamusifu sana. Bakasema, Aristote haulizake njia. Na yeye akavimba kichwa.

Sasa musikie habari ya mama yetu, Mama Ernestine.

Baba alipokufa, Aristote alikuwa Chinsapo, telefone imezimika. Alifika tumeisha kuzika. Mama alikuwa angali pale ku kaburi, mikono na udongo, na akamwambia mbele ya batu bote: "Haukumuzika baba yako. Basi na we, hakuna mutoto mwenye atakuzika." Akageuka, akaenda nyumbani. Nyuma ya pale, Douce, bibi ya Aristote, alipoteza mimba. Kisha akapoteza ingine.

Mi niko mu kwaya, na pasta anatuambiaka tusiogope mambo kama yale. Lakini mu familia yetu, neno ya muzazi inaondolewa na mwenye kuiweka. Anaingiza maji mu kinywa, anamutemea mutoto wake ku kichwa, anasema imeisha. Akikufa nayo, inabaki. Kila mutu kwetu anajua hivyo, hata bale benye kusoma mpaka iniverisite. Na hapo njo shida, juu mama na Aristote ni vichwa ngumu babili. Mama alikuwa anangoja aje kupiga magoti. Aristote alikuwa anangoja aitwe. Nyumba zao zinatengwa na mistari mibili tu ya nyumba, na banasalimiana kama wageni! Nilibaimbia hawa babili mpaka nikachoka. Na Douce akabeba mimba tena, tumbo ikaanza kuonekana, akawa anatembea pole pole na mukono chini yake, hata maji hataki kuteka.

Kisha moyo wa mama ukachoka. Ambilansi ikamupeleka hospitali kubwa ya Lilongwe, Marlène, mutoto wa mama yetu mudogo, akabaki naye kumuchunga. Asubuhi moja Marlène akanipigia. "Dada Fortunée, mama mukubwa amesema mulete Aristote. Amesema, aje nimuondolee. Muje leo, muje sasa."

Nilikimbia kwa Aristote kitambaa ya muteja ingali ku bega. Alipanguza uso na mikono yote mibili, akalia kama mutoto. Bale ba ofisi ya kambi, kwa mara moja, habakutuzungusha. Bakatupatia karatasi ya ruhusa, na muhuri juu, ya kwenda kuona mugonjwa. Nikaiweka mu sutie, ku kifua, mahali haiwezi kulowa. Douce akasimama ku mulango. Akasema: "Muende tu. Musikawie."

Tukaenda. Mi nyuma, nimemushika kiuno, mvua ya usiku imeacha matope ku njia. Tukateremuka vizuri, tukafika karibu na barabara kubwa, na pale yule mwanamuke akasema tugeuke. Aristote akageuka. Mi nikajua yeye njo anajua. Tukaingia mu mashamba. Tumbaku pande zote, mahindi, banamama banalima na batoto ku mugongo. Pikipiki inateleza, tunashuka, tunasukuma, tunapanda tena. Tukafika ku kilima, tukaona kwa mbali mabati ya maghala ya Kanengo inang'aa. Aristote akasimama. Mashine iliandika kwamba imebaki robo saa. Ile furaha ilikuwa naye, sijue namna ya kuieleza. Akapiga telefone kwa Marlène, akapiga kelele kwa sauti ya juu mule shambani: "Mwambie mama robo saa! Mwambie niko hapa, naona Kanengo, robo saa!"

Nikasikia Marlène anamwambia mama pale pale. Nikasikia mama anasema kitu, sikushika ni nini.

Tukateremuka kilima, na kule chini kulikuwa muto, na ku muto hakukuwa daraja. Kulikuwa nguzo mbili na maji ya kahawia yenye kukimbia. Mwanamuke wa Kifaransa akasema tuendelee mbele. Aristote akazunguka na pikipiki pembeni ya muto, na yeye akasema tena tuendelee mbele. Telefone haikukuwa na rezo kule bondeni, hata kupiga haiwezekane. Akageuza, akafuata kanjia kengine, ikatutokeza mule mule shambani, ikaturudisha ku muto.

"Aristote, uliza!"

"Ngoja, itapata ingine."

"Uliza mutu! Ona batu bale!"

"Nikifungua kinywa batajua."

"Bajue! Mama anakufa, bajue!"

Aristote aliinama juu ya ile kioo, anafinya finya na kidole chenye matope. Basi nikashuka mwenyewe. Mi nashoneaka banamama ba Kimalawi bale banakujaka ku soko yetu, Kichewa yangu inatosha ya kuomba njia. Nikaenda kwa bibi muzee mumoja mwenye kupalilia mahindi, nikapiga magoti, nikamwita agogo, nikasema niko natafuta daraja. Akaacha jembe. Akasema daraja ilibebwa na maji mvua ya juma lenye kupita. Akasema kama tungeuliza pale ku maduka yenye tulipita, hata katoto kangetuambia. Kisha akaniuliza tunatoka wapi. Nikasema ukweli, Dzaleka. Akasema shemeji yake anauzaka nyanya Dzaleka. Njo vile tu. Akanishika mukono, akanipeleka mpaka ku njia ya kurudi barabara kubwa, akasema pitani bwino, muende vizuri. Nilitaka kulia na nilitaka kumupiga Aristote.

Tukarudi njia yote ile ya matope, tukatokea barabara kubwa, na mbele yetu bariere. Nilisikia mugongo wa Aristote unakuwa mugumu. Polisi akainua mukono. Nikatoa karatasi mu sutie, ingali na joto ya mwili. Akaiangalia. Akaangalia uso wangu. Akasema kwa Kichewa kwamba amesikitika juu ya mugonjwa wetu, akainua chuma. Hata pumzi mbili haikuisha.

Hapo njo nilielewa, na nafikiri yeye pia alielewa, juu alizima pikipiki katikati ya barabara na polisi akatushangaa. Karatasi tulikuwa nayo tangu asubuhi! Tungepita hapa tangu asubuhi, mbio, ku lami. Lakini siku zote anaendeshaka kama mutu mwenye hana ruhusa, na siku alipata ruhusa hakukumbuka kuiambia mashine. Na mi nilikuwa nimeifunga karatasi ku kifua, na sikufikiri hata kidogo kwamba inaweza kutupitisha ku barabara ya batu bote. Tumezoea kujificha mpaka tunajificha na ruhusa mu mukono.

"Washa," nikamwambia. "Washa, twende."

Pale rezo ilikuwa imerudi. Alipiga kwa Marlène huku anaendesha, na Marlène hakushika. Akapiga tena mbele ya Kanengo. Akapiga ku muzunguko wa barabara, ile rondipwe ya City Centre, magari yanatupigia honi, na hakushika. Alitupa telefone mu mufuko, na kuanzia pale sikusikia tena yule mwanamuke wa Kifaransa, sijue alimuzima ao nilikuwa sisikie kitu.

Marlène alikuwa ku mulango wa wodi, kichwa wazi, bila kitambaa. Sikuhitaji kuuliza. Aristote alimupita, akaingia mpaka ku kitanda. Mama alikuwa angali pale, bamemufunika na kitenge chake chenyewe, kile cha maua ya kijani nilichomushonea mi.

"Alingoja," Marlène akasema. "Aristote, sikiliza, alikungoja sana. Nilipomwambia robo saa, alifurahi. Akasema nipe maji. Mi nikafikiri iko na kiu. Akayaingiza mu kinywa, na hakuyameza. Nikamwambia mama mukubwa, meza, utapaliwa. Akakatala na kichwa. Akanionyesha mulango na kidole. Kila mutu mwenye kupita, alikuwa anainua kichwa. Nesi alikuja na dawa, akafunga midomo, akakatala. Alikuwa anapumua na pua, kwa nguvu, namna hii. Nilikuwa napiga kwako, telefone haiingie. Nikamwambia bako njiani, mama mukubwa, bako karibu sana. Kisha kichwa ikaanguka pembeni, na maji ikatoka yenyewe. Ikamwagika hapa."

Akaonyesha kifua. Kitenge kilikuwa kingali kibichi pale, doa moja, si kubwa.

Nilikuwa nimebeba maneno yangu tangu ku muto. Nilikuwa nimeyapanga, nitamwambia hivi, nitamwambia hivi. Yote iliisha. Nilimuonea huruma ndugu yangu. Alipiga magoti ku sementi na matope ya mashamba ingali ku suruali, akaweka kichwa chake pale penye ubichi, akaikandamiza kama mutu mwenye kutafuta usingizi. Nesi alikuja, akatuona, akasema pepani, ile pole yao, akarudi nyuma. Aristote akabaki vile. Alipoinua uso, paji lilikuwa na maji kidogo, kidogo sana, labda ilikuwa na machozi yake ndani.

"Dada," akasema. Hakuyapanguza. "We njo mukubwa. Inahesabika?"

Nilifikiria Douce, ku mulango, na mukono wake chini ya tumbo. Nilitaka kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwa pale ku ulimi. Lakini sikujua. Mambo ya namna ile, mu familia yetu, yenye kuhesabika na yenye haihesabike, mutu wa kuulizwa alikuwaka mama tu.

Nikamwambia hivyo. Akageuka ku kitanda, akashika ile mikono yenye ilikuwa inaanza kukauka, na akamuuliza. Akangoja. Akamuuliza tena, kwa Mashi, luga ya kwetu.