Alichofumbatishwa Athanasie

Kamanda wa wanajeshi wa kigeni alikuja matangani na buti safi. Alipita katikati ya wanawake waliokaa chini, akamwinamia Athanasie, akampa mkono. Athanasie alihisi kitu cha baridi kiganjani. Mtu anapokupa mkono, vidole hujifunga vyenyewe, na vya Athanasie vilijifunga. Kamanda akapiga saluti, akapanda gari lake, akaondoka bila kutamka neno.

Wazee wote walikuwa wanatazama.

Kwenye vilima vyao vya Masisi, aliyeua bila kukusudia huja matangani na kitu mkononi. Kwanza hutaja kosa lake mbele ya watu: ni mimi niliyemuua fulani. Ndipo mama wa marehemu hukipokea, au hukiacha kianguke chini. Akikifumbata, shauri limekwisha, wala hakuna atakayelifukua tena. Lori la wanajeshi hao lilikuwa limemgonga Cyusa, kifungua mimba wa Athanasie, akishuka mteremko wa Kashebere na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyojaa mihogo.

"Mama Cyusa, ulishapokea," alisema Papa Nzabandora, mkubwa wa wazee. "Njo shauri imeisha."

"Hakusema kitu, Papa! Hata neno moja!"

"Yeye hakusema. Lakini mukono wako ulisema."

Athanasie akafumbua kiganja. Kilikuwa kipande cha shaba cha mviringo, kikubwa kuliko sarafu yoyote ya soko la Sake, kimechorwa tai na maandishi ya kigeni.

Kesho yake alikuwa akikisugua kwa jivu, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kumng'oa yule tai, shemeji yake Sylvain alipomkuta. Sylvain alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

"Mama Cyusa! Acha jivu! Ukiisugua, thamani yake inaisha."

"Thamani gani? Hii haiko falanga."

"Haiko falanga, inapita falanga. Kila kikosi iko na yake. Hawaziuzishe. Mukubwa anakupatia mukono kwa mukono, kwa heshima. Kuna batu mu dunia banazikusanya, banazipanga mu kabati ya kioo. Niliona mu telefone." Akatoa kopo tupu la maziwa ya unga, alilokwisha kulifuta vizuri. "Nipatie, nianze. Mutu anaanzaka na moja."

"Uanze na kifo ya mutoto wa kaka yako?"

Sylvain alicheka kidogo, kisha akaona haya. Hata hivyo kopo hakulifunika.

Athanasie hakutaka ng'ombe wa fidia, wala hakutaka kumwona mtu gerezani. Alitaka kukirudisha kile kitu katika mkono uleule uliokileta, shauri lifunguke upya, na kamanda aseme kwa mdomo wake: sisi ndio tuliomuua Cyusa. Basi. Alipiga magoti, akamwomba Mungu ampe miguu ya kufika na ampunguzie hasira, kisha akashika njia ya kambi.

Alikuta mahema yanakunjwa. Kikosi kilikuwa kinarudi kwao. Mkalimani wao, Guy, mtu wa Ntoto aliyewahi kuwa mwalimu, alimpokea kwenye kizuizi.

"Mama, ule kamanda alishaenda. Ndege ilimubeba. Sasa kuna mukubwa mupya."

"Naye ni wa kikosi hiki?"

"Njo kikosi ileile."

"Basi mukono wake utatosha. Muite."

Ofisa akaja. Athanasie akanyoosha mkono, sarafu iko wazi juu ya kiganja. Ofisa aliitazama, na uso wake ukachangamka. Akapapasa mfukoni, akatoa ya kwake, akaigonga juu ya ile ya Athanasie. Ikalia. Askari waliokuwa wakikunja hema wakapiga makofi na kucheka.

"Nini hiyo?" Athanasie aliuliza.

Guy alijikuna shingo. "Iko muchezo yao, Mama. Mwenzako akikuonyesha yake, na wewe unaonyesha yako. Anafikiri umekuja kumuaga."

"Mwambie mutoto wangu aliitwa Cyusa. Mwambie lori yao ilimuua. Nataka aseme vile, wewe ukisikia, na hawa wote bakisikia."

Guy akamgeukia ofisa. Maneno aliyoyatoa yalikuwa machache mno, na Athanasie, asiyejua lugha ile, alilisikia jina la mwanawe likipita humo peke yake. Guy alikuwa bado anangoja kwa wakubwa hao barua ya sifa ya kuombea kazi nyingine. Ofisa akaweka mkono kifuani, akajibu kwa upole.

"Anasema nini?"

"Anasema Cyusa iko jina nzuri. Anasema ubaki na yake pia. Ni ukumbusho."

Kabla Athanasie hajaurudisha mkono, ofisa aliilaza yake juu ya ile ya kwanza, akavikunja vidole vya mama huyo, kimoja baada ya kingine, kwa heshima kubwa, juu ya sarafu zote mbili. Akapiga saluti.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Papa Nzabandora alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake.

"Sasa balilipa mara mbili," alisema, wala hakuwa anatania.

Jioni ile majirani walikusanyika kwa maombi, kama desturi yao baada ya matanga. Walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, Athanasie alifunga mdomo. Sauti za wenzake ziliendelea mbele bila yeye. Alingoja wafike kwenye Amina, na hiyo nayo hakuiitikia.