Kontena Apunguza Mzigo

"Kuanzia Katubuka mpaka Mwamgongo," Gasper alitangaza, huku akimpiga mbwa wake kofi la mapenzi mgongoni, "hajazaliwa mtu anayejua kulea mbwa kunizidi. Mtazameni! Huyu si mbwa tena, huyu ni kontena."

Jina likamkaa. Mtaa mzima ukamwita Kontena, na mbwa mwenyewe akaitikia kwa mkia, maana mahali pengine pa mwili palikuwa pazito kutikisika.

Kusema haki, alikuwa mbwa wa kutazamwa. Labrado mweusi, ukoo wa mbwa wanaofuatana na wawindaji na kuwaletea bata walioangukia majini. Mwenye mbwa alikuwa Mwalimu Winfrida, mtu wa Moshi aliyeletwa Kigoma na kazi. Alipoitwa Dodoma kwa kozi ya miezi tisa, alimwachia Gasper, fundi simu jirani yake, kwa neno moja tu: "Kozi ikiisha nahamia huko huko. Nikija kuchukua vitu vyangu nimkute mzima na mwepesi, basi ni wako. Nikimkuta vinginevyo, kuna mtu Arusha anamsubiri."

Gasper alimtaka mbwa yule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, hata cheti cha kidato cha nne, ambacho nacho alikitaka lakini chenyewe hakikumtaka sana. Tatizo ni kwamba katika neno la Mwalimu alisikia "mzima" peke yake, na kwao uzima ni unene. Basi ugali wa Kontena ukamwagiwa mawese mpaka ukang'aa. Juu yake dagaa. Juu ya dagaa, unga wa mifupa, ili mifupa ya ndani ipate wenzake.

Mwezi wa tano tangu Mwalimu aondoke, Kontena alishuka ngazi moja ya baraza, ngazi moja tu, na mguu wa nyuma ukagoma. Gasper akamkimbilia Elinipa, daktari wa mifugo wa kata. Elinipa alikuja, akaagiza mizani ya kupimia magunia ya dagaa, wanaume wawili wakampandisha mgonjwa wakihema.

"Kilo arobaini na moja," alisoma Elinipa. "Ana umri gani?"

"Miezi tisa, daktari. Najua, najua, hongera zangu."

"Hongera za nini? Alitakiwa awe na thelathini hivi! Hebu nyoosha mkono. Pitisha vidole mgongoni mwa kiganja. Unaisikia mifupa?"

"Naisikia."

"Mbavu zake ziwe hivyo. Haya, zitafute."

Gasper alizitafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye gunia la unga. Kontena akamlamba sikio kwa kumpa pole.

"Mbwa mkubwa hakuzwi mbio," Elinipa alisema. "Uzito ukitangulia, viungo vinabaki nyuma vinalia. Mawese mwisho leo. Unga wa mifupa mwisho leo. Chakula kwa kipimo, asubuhi na jioni. Mguu ukitulia, mpeleke ziwani aogelee, maji yambebe na magoti yapumzike. Ukiendelea hivi hatakuwa mbwa, atakuwa kochi."

Safari hii Gasper alisikia kila neno, hasa kwa vile Arusha ilianza kunukia. Akapima chakula kwa kopo, hakuzidisha hata punje. Baada ya wiki mbili akamrudisha mizanini. Kontena alikuwa ameongezeka nusu kilo.

Kesho yake Gasper alifunga kibanda cha simu, akamfuata mbwa wake kimyakimya. Akagundua kwamba Kontena ana ratiba kuliko mkuu wa wilaya. Kwanza kwa Semeni, muuza vitumbua, ambaye hamgusi mbwa hata kwa bahati mbaya, ila alimwekea vitumbua vitatu juu ya jiwe. Kisha kwa Mzee Thobias, ukoko wa wali. Kisha nyumba nyingine tatu, na kote alipokelewa kama mkwe.

"Dada Semeni, utaniulia mbwa!" Gasper alilalamika.

"Mdogo wangu, kiumbe akusimamie mlangoni, akutazame usoni, umwambie hakuna? Watu watanisemaje?"

Mzee Thobias alikuwa mgumu zaidi. "Nimestaafu reli miaka kumi na nne sasa. Asubuhi, anayekuja kunijulia hali ni Kontena peke yake. Unataka nimfukuze?"

Gasper akaaga. Alirudi nyumbani, akakaa, akalitazama lile kopo la kipimo. Kumfunga mbwa hakuweza, na kuwafunga majirani ukarimu hakuna aliyewahi kuweza.

Kulipokucha alikigawa kipimo cha siku nzima katika vikopo vitano, akapita navyo mlango kwa mlango. "Shikamoo Mzee. Hiki ndicho cha kumkaribishia mgeni wako. Mpe kwa mkono wako, mwongee mpaka mchoke, ila kisizidi hiki."

Ikawa hivyo. Kontena aliendelea kutembelea watu wake, hakuna aliyemnyima wala aliyemjaza. Mguu ulipotulia, Gasper akaanza kumpeleka ufukweni Kibirizi, anarusha dumu tupu majini, mbwa analifuata. Mizani ikaanza kusoma vizuri: thelathini na tisa, thelathini na sita, thelathini na nne. Kiuno kikatokea, kitu ambacho mtaa haukujua kwamba mbwa anacho.

Mwalimu Winfrida alirudi mwezi wa tisa, kozi ilipoisha. Wakakutana Kibirizi, mizani ikiwa imebebwa na Mzee Thobias mwenyewe, na nyumba nyingine nne nyuma yake kama wazazi siku ya matokeo. Kilo thelathini na tatu! Mwalimu akapitisha vidole mbavuni, moja, mbili, tatu, zote zipo. Akalitupa dumu mbali. Kontena aliruka, akalikata ziwa kama boti mpya, akarudi nalo, akajikung'uta akawalowesha wote, na wote wakashangilia. Semeni alipiga vigelegele, kisha akarudi nyuma hatua nne.

Mwalimu akatoa kadi ya chanjo, akaandika jina la Gasper penye mmiliki, akampa. "Ni wako. Ila niambie, kuogelea hivi kafundishwa na nani?"

Furaha ikampanda Gasper kichwani. "Na mimi, Madam! Kila asubuhi tunaingia kilindini, mimi mbele, yeye nyuma. Mimi na ziwa hili ni ndugu."

Kwenye boti ya kwenda Mwamgongo iliyoegeshwa hapo kando, Castory aliyekuwa akipanga mizigo alitua gunia.

"Ndugu wa wapi, Gasper? Jumanne hukuteleza pale penye jiwe, maji ya kiunoni, ukamwita mama yako mara tatu? Si huyo mbwa aliyekuburuta kwa ukosi wa shati mpaka mchangani, meno yakautoboa? Jamani, shati si hilo hilo alilovaa? Hebu mwambieni ageuke!"

Gasper hakugeuka. Alifunika ukosi nyuma ya shingo kwa mkono mmoja, akashika kadi kwa mwingine, akaanza kurudi kinyumenyume, na majirani wote watano wakamzunguka kwa nyuma kutazama matundu.