Matanga ya Farhat Aliye Hai

Bayumi mpiga pasi aliuteka mlima ule wa Yemen mara nne, na zote nne hakutoka nje ya mji wake. Aliuteka kwa mashairi, akiwa amesimama juu ya meza katika mkahawa wa Hajji Zaghlul, kipaza sauti cha Chama mkononi. Mara ya kwanza watu walipiga makofi hadi vikombe vikaruka. Mara ya nne Hajji Zaghlul aliuliza, kwa adabu zote, kama mlima wenyewe una magurudumu, maana kila tukiuteka kuna mtu anausukuma urudi.

Mkahawa mzima ulicheka, Bayumi hakucheka. Ushairi alijifunza mwenyewe, mguu ukisukuma pasi nzito ya chuma juu ya ubao, kama wapigaji pasi wa huko wafanyavyo, kichwa kikihesabu mizani. Mtu wa namna hiyo hukubali kuambiwa ameunguza shati, lakini si kuambiwa shairi limechacha. Katibu wa Chama, Ustadh Wagdi, alimpa kipaza sauti kwa sababu mbili: alikuwa na sauti nene, na alimpigia pasi bure. Bayumi aliijua ile ya kwanza tu.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Mji ulipeleka vijana, redio ikaleta ushindi, na hakuna aliyeweza kueleza tulikuwa tunagombea nini kwenye mawe ya watu. Akina mama walipoanza kunung'unika kwa kukosa habari, Katibu akabuni dawa: Bayumi atangaze kwa beti mbili kwamba kijana fulani yu salama na anawasalimu. Akamtangaza mtoto wa mwoka mikate. Juma halijaisha, askari akaja na mkoba wa nguo za marehemu. Akamtangaza mtoto wa Sitt Nargis, na mkoba mwingine ukaja. Tangu hapo mji ulijifunza kuivaa habari ya serikali kama shati lililogeuzwa, ndani nje. Kina mama wakimwona Bayumi anapanda mezani walifunga madirisha, na yeye akadhani ni vumbi.

Siku ya Jumanne Chama kilimpeleka Kairo, pamoja na mpiga udi na mchekeshaji mmoja, kuwaburudisha majeruhi hospitalini. Alisoma shairi la mlima. Alipofika kwenye "simba wetu wanaunguruma kileleni," simba mmoja kitandani akaanza kucheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Bayumi, punda wee, hata huku umenifuata?"

Alikuwa Farhat, jirani yake, waliyeoga naye mferejini tangu wakiwa uchi. Amekonda, mguu wa kushoto umefungwa mpaka pajani na unanuka. Alimwambia kwamba Alhamisi wanaukata, na kwamba hataki kulala juu ya meza ya upasuaji kabla hajaushika mkono wa mama yake. Bayumi aliapa kumleta. Kisha, kwa kuwa mshairi ni mshairi, akauliza kama lile shairi liliwafikia vitani.

"Lilifika, kwenye gazeti la Chama," Farhat akasema. "Kikosi kizima tulikuwa tunaharisha, maji hakuna. Tukajifutia. Na hata hapo, ndugu yangu, beti zako zilikwaruza."

Wodi nzima ilicheka. Bayumi alitoka amenyoosha shingo, na njia nzima ndani ya garimoshi aliapa kwamba maneno hayo hayatavuka daraja la mji wao.

Asubuhi ya Jumatano alimkuta Mama Farhat mlangoni anachambua majani ya mulukhiya. Alitaka kumwambia kwa upole, lakini ulimi uliozoea gwaride hausahau hatua. "Mama, nakuletea bishara," akasema, kwa sauti ile ile ya mezani. "Shujaa wetu Farhat yu salama, anakusalimu, na ari yake iko juu."

Mama Farhat alimtazama. Sinia likamponyoka, akapiga ukemi ambao mtaa mzima uliujua maana yake.

Majirani waliingia kabla Bayumi hajafunga mdomo. Viti vya mkahawa vikapangwa barabarani, sheikh wa kusoma Kurani akaitwa, kahawa isiyo na sukari ikaanza kuzunguka. Bayumi aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake. Kila kiapo kilizidisha kilio, kwa sababu Katibu naye alikuwa akiapa hivyo hivyo. Alieleza habari za hospitali na kitanda. Mguu aliuficha kwa huruma, na lile jingine alilificha kwa sababu anazozijua. Mwanamke mmoja akampapasa bega: "Umetumwa tu, mwanangu. Hatukulaumu." Akatiliwa kikombe, na kwa adabu akanywa kahawa ya matanga ya mtu aliyemwacha jana anakunywa supu ya dengu.

Garimoshi la mwisho la kumfikisha mama Kairo kabla ya kisu lilikuwa la alasiri, na adhuhuri ilikwisha adhiniwa. Ustadh Wagdi mwenyewe alikuwa amefika kutoa pole, katika shati lililonyooka vizuri mno. Bayumi alilitazama shati lile, akamtazama mama aliyejipaka udongo usoni, akaenda kupiga magoti mbele yake.

"Mama, mguu wake umeoza. Kesho wanaukata, anakutaka wewe. Na mimi ameniita punda." Akaongeza, mtaa mzima ukisikia: "Amesema kikosi kizima walikuwa wanaharisha, wakajifutia shairi langu. Na beti zilikwaruza."

Mama Farhat aliacha kulia. Alimshika kidevu, akayapekua macho yake. "Rudia."

Akarudia. Nyuma yake Hajji Zaghlul alikuwa amejiziba uso kwa ukosi wa kanzu, mabega yanatikisika.

"Huyo ni mwanangu," mama akasema. "Huo ndio mdomo wake mchafu. Nileteeni shela."

Katibu akasogea, akasema chini kwa chini kwamba hakuna taarifa rasmi yoyote ya mguu, na watu wasisambaze maneno. Mama Farhat alikuwa ameshafika mlangoni.

"Ndiyo maana nimeamini, ustadh."

Bayumi alimbebea kikapu mpaka garimoshini, bila kipaza sauti, ambacho Katibu alikuwa amempokonya pale pale matangani, wakapanda pamoja. Njiani mama alimtaka awasimulie abiria maneno ya Farhat, na kila kituo wakipanda wapya akamtaka aanze tena. Walipokaribia Kairo, Bayumi alikuwa amegundua jambo lililomuuma kuliko yote: maneno yale yalikuwa na mizani kamili, na si yeye aliyeyatunga.