Koti la Baba Juu ya Waya

Siku ambayo kaka yangu Adrian hakurudi, alirudi mara moja kwanza, kuchukua koti. Aliacha gari likiunguruma barabarani akapita katikati ya maharage yangu yaliyokuwa yameanza kuchipua, akinyanyua miguu kama kuku ili asiyakanyage.

"Lusia, koti la baba liko wapi?"

"Limelowa. Nimelianika."

"Likilowa ndiyo vizuri. Linakuwa zito."

Akalitoa kambani, akalitupa begani, akaenda njia ya Piyaya kuvuta gari la wageni lililokuwa limezama kwenye tope. Hakuniaga. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuaga.

Koti hilo baba alilinunua mnadani Karatu, la kijani, zito kama ngozi ya ndama. Baba alipofariki Adrian hakulivaa. Alilifanya kifaa cha kazi. Gari alilokuwa anaendesha, la kampuni ya Josephati, lilikuwa na winchi mbele, ya waya wa chuma. Waya ule unafungwa kwenye gari lililokwama, winchi inauvuta, unakaza mpaka unalia. Ukikatika wakati huo unarudi kama fimbo, na mtu hauoni ukija. Kwa hiyo Adrian alilaza koti juu ya waya, katikati, kabla ya kuvuta. Uzito wa koti unaushusha waya chini. Kule Buger uliwahi kukatika, ukachana mkono wa koti, Adrian akarudi nyumbani akipiga mluzi. Nilishona pale kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha.

Alikuwa akimwomba Josephati kamba. Siku hizi kuna kamba za nailoni za winchi, nyepesi, na nguvu yake si ndogo kuliko ya waya. Walibishana sana yeye na Patrisi, dereva mwenzake, kwenye meza yangu.

"Kamba ni urembo," Patrisi alisema. "Jua linaila, mchanga unaisaga. Ikigusa jiwe imekwisha. Waya unavumilia shida."

"Inakatika, sikatai. Lakini kamba ikikatika inakuangukia miguuni kama kamba ya mbuzi. Waya ukikatika unakutafuta."

"Unakutafuta wewe na koti lako."

"Ndiyo maana ninalo koti. Wewe una nini? Una tumbo."

Josephati alinunua kamba moja, ya bluu, akaifunga kwenye gari lake mwenyewe, lile jeupe analozungukia mjini. Alimwambia Adrian kwamba rola za winchi yake, vile vyuma waya unapopitia, zimechubuliwa na waya na zingeichana kamba. Hilo lilikuwa kweli. Rola nyingine zingeweza kununuliwa. Hazikununuliwa.

Jioni ya siku ile aliyochukua koti walileta maiti yake kupitia Ngorongoro, kwenye ukungu, nyuma ya gari lilelile.

Siku ya mazishi Josephati alisimama uani kwetu akiwa amevaa suti. Yeye ndiye aliyelipia jeneza na ng'ombe, na watu walimsikiliza jinsi mtu aliyetoa ng'ombe anavyosikilizwa. Alisema marehemu alikuwa kijana mzuri, ila alikuwa na haraka. Alisema ndoano ya waya haikufungwa vizuri, ikachomoka, ikampiga.

"Waya wetu ni mzima hata leo," alisema. "Na pale aliposimama hata mtoto angesimama, kama ndoano ingefungwa."

Baada ya matanga gari la hoteli lilisimama barabarani, kijana akashusha mfuko wa karatasi. Ndani lilikuwemo koti la baba. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Lilinukia sabuni ya wageni.

Nililigeuza kutafuta tope, damu, mchano mpya. Hakukuwa na kitu isipokuwa uzi wangu wa bluu. Nikajua kwamba siku ile koti halikuwa juu ya waya.

Nilimtuma mtu kwa Patrisi. Alikuja akakaa kizingitini, hakutaka kuingia.

"Lilikuwa juu ya waya," alisema. "Adrian alililaza mwenyewe. Mvua ikaanza, mama mmoja mgeni akawa anatetemeka. Bosi alikuwepo, alikuja na gari lake jeupe. Akaliondoa, akamvisha. Akasema, unaanika nguo kazini? Adrian akamwambia, bosi, hilo ni la kazi. Akajibiwa kazi ni wageni."

"Halafu?"

"Halafu akaambiwa asimame pale pembeni amwongoze dereva wa wageni kwa mikono. Mimi nilikuwa ndani ya gari na rimoti ya winchi. Mimi ndiye niliyebonyeza, dada Lusia."

"Na ndoano?"

"Ilibaki imefungwa. Nimeifungua mwenyewe. Waya ulikatika katikati, ulikuwa umeoza. Bosi aliniambia nikate kipande kibovu, nifunge ndoano upya. Uliobaki uko kwenye gari mpaka leo."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

Alitazama viatu vyake. "Nina watoto," akasema, akaondoka.

Baadaye nilishuka Karatu kununua mbegu. Karibu na kituo cha mafuta madereva walikuwa wanakaza turubai, mmoja akamwuliza mwenzake, "Umefunga vizuri, au umefunga Kiadrian?" Wakacheka. Aliyesema hakunijua. Niliendelea kuchagua mbegu mpaka nikamaliza, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu. Nilitaka neno lile lirudi kwenye mdomo wa Josephati lilikotoka, na watu walewale wamwone akilimeza.

Baba mdogo Raphaeli, aliyetulea baada ya wazazi, aliliona usoni mwangu.

"Mwachie Mungu, mwanangu."

"Adrian nimemwachia Mungu, baba. Josephati sijamwachia mtu."

Akarudi kwenye trekta lake. Yeye ndiye aliyemfundisha Adrian kuendesha trekta, na mimi pia.

Josephati amekodi shamba la ngano juu yetu, hapa Mbulumbulu, na njia ya kwenda huko inapita kando ya ua wetu. Masika ya pili baada ya mazishi alipanda kulitazama. Aliposhuka mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu ukilowa ni sabuni. Nilikuwa jikoni niliposikia gari likiserereka. Nilipotoka, gari jeupe lilikuwa limeingia mtaroni kichwa chini, pua yote kwenye tope, na winchi yake na kamba ya bluu huko chini kabisa. Matako ya gari yalikuwa juu.

Majirani walikuja. Kitu kama hicho hakitazamwi na mtu mmoja.

"Bosi," Laurencia wa nyumba ya pili alimwambia, "kama ulitaka kutusalimia ungepiga hodi tu."

Wakacheka, naye akacheka kidogo, huku anatafuta mtandao. Alimwita Patrisi. Patrisi alikuja na lile gari la kuvutia alilokuwa anaendesha Adrian, na madereva wawili wa mjini waliokuwa na hamu ya kuona. Mmoja nilimtambua. Ni yule wa kituo cha mafuta. Walilisimamisha barabarani juu, wakaweka mawe kwenye magurudumu, wakashusha waya mpaka mtaroni. Waya ulipita karibu na nguzo ya kona ya ua wetu. Niliuona kwa karibu: kutu, na nyuzi zilizokatika zimesimama kama miiba.

Niliingia ndani nikavaa koti la baba.

Niliporudi Patrisi alikuwa ameshika rimoti kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Bonyeza, tunangoja nini?" Josephati alisema.

"Mimi sibonyezi, bosi."

"Unasemaje?"

"Kazi nyingine yoyote nitafanya. Hiyo sifanyi."

"Nipe mimi," nilisema. "Adrian alinifundisha. Nimembonyezea mara nyingi hapahapa tukivuta magogo."

Josephati alinitazama. Sidhani kama alinikumbuka haraka. Halafu akasema, "Aa, dada wa marehemu. Haya, saidia basi."

"Nitasaidia. Kwanza shuka uangalie ndoano."

"Patrisi ameiangalia."

"Iangalie wewe, bosi. Ulisema mazishini ndoano ndiyo inayoua."

Watu walimgeukia. Alishuka, viatu vikizama, akaishika ndoano na kuitikisa.

"Imefungwa," alisema.

"Imefungwa vizuri?"

"Vizuri kabisa. Haya."

"Na waya ni mzima?"

"Mzima."

"Basi simama pale kwenye nguzo uniongoze kwa mikono. Nikiwa ndani ya gari sitauona mtaro. Mahali kama pale ndipo Adrian aliposimama, na ulisema hata mtoto angesimama."

Yule dereva wa kituo cha mafuta alitabasamu. "Simama, mzee baba. Au unaogopa dada?"

Sijui kama bila hilo angesimama. Alipanda akasimama kando ya nguzo, mikono kiunoni. Nilimwomba baba mdogo awapandishe watu wote barabarani, nyuma ya gari, na asimwache mtu kando. Alinitazama muda mrefu kabla ya kuwapandisha. Mimi niliinua boneti ya gari la kuvutia ili iwe ngao mbele ya kioo, kama Adrian alivyofanya, nikaingia ndani, nikatoa kichwa dirishani.

Hapo Josephati aliutazama waya, ukiwa karibu naye kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Lusia, leta kitu kizito tuweke juu ya waya. Gunia, koti, chochote."

"Koti lipo," nilisema. "Nimelivaa. Nasikia baridi."

Alilitazama koti. Alitazama mkono wenye uzi wa bluu. Alikuwa amelishika siku ile kule Piyaya, na nadhani mkono wake ulikumbuka. Midomo yake ilifunguka, ila hakutoa neno, kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama na jibu lolote lingekuwa lile nililolitaka.

Nilibonyeza.

Winchi ikaanza kunguruma. Waya ukanyooka, ukajiinua kutoka kwenye majani, ukidondosha maji. Gari jeupe likatikisika bila kutoka. Josephati aliinua mkono mmoja kuniongoza. Nilibonyeza tena. Waya ukaanza kulia, sauti nyembamba. Halafu tik, uzi mmoja. Halafu tik, mwingine.

"Acha," alisema.

Sikuacha.

"Lusia, acha, waya umeoza! Umeoza, nasema!"

Akakimbia. Alikimbia na suruali yake nzuri, akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye maharage yangu, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka mbali. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado nimebonyeza. Waya ulikatika kwa mlio kama wa bunduki, na kitu pekee nilichokiona ni nguzo ya ua. Ilikuwepo, halafu nusu yake ya juu haikuwepo. Ilikatwa kwenye kimo cha kiuno. Ncha ya waya ilimalizia kwenye boneti, ikaikunja kama sahani ya bati.

Watu wameniuliza kama nilijua atakimbia. Sikujua. Nilikuwa nimeazimia kubonyeza mpaka mwisho, akimbie asikimbie, na mpaka leo sijaona majuto nilipoyatafuta.

Baba mdogo ndiye aliyezungumza kwanza.

"Patrisi, shuka utazame ndoano."

Patrisi alishuka. Ndoano ilikuwa palepale kwenye gari jeupe, na kipande kifupi cha waya kikining'inia.

"Imefungwa," alisema.

"Kama ya nani?"

Patrisi alinyoosha mgongo. Alimtazama bosi wake aliyekuwa amekaa kwenye tope, halafu akawatazama madereva wenzake.

"Kama ya Adrian," alisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza siku ile, na mimi ndiye niliyeifungua ndoano. Alifunga vizuri. Bosi aliondoa koti, waya ukakatika."

"Josephati," baba mdogo akasema, "umesikia?"

Josephati aliitikia kwa kichwa.

"Kichwa hatukukiona mazishini. Tuliuona mdomo."

"Alifunga vizuri," Josephati alisema.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Adrian alifunga vizuri. Waya ulikuwa wangu. Koti nililiondoa mimi."

Niliteremka. Nilimpita bila kumpa mkono, nikaenda kuinua maharage yaliyolala. Yule dereva wa kituo cha mafuta alinifuata, akasimama, akataka kusema pole. Nilimwambia ashike upande wa pili wa nguzo, akashika, tukaibeba.

Gari jeupe lilikaa mtaroni mpaka udongo ulipokauka, na baba mdogo akalitoa kwa trekta. Patrisi aliacha kazi kwa Josephati na sasa anaendesha lori la ngano. Josephati alikaa muda bila dereva aliyekubali kushika gari la waya. Ikabidi aondoe nyaya zote, abadilishe rola kwa vyuma laini, afunge kamba. Madereva wanaopanda huku masika bado wanasimama kwangu kuazima koti, kwa sababu hata kamba wanailazia kitu juu. Linaning'inia msumarini nyuma ya mlango, na mtu yeyote akiomba nampa. Josephati akiomba, namwambia limelowa.