32767

...mbona ndogo hivi, Annet aliikodolea macho namba, 32767, akafuta, akatuma tena ule mstari mmoja unaokiuliza kibao cha umeme kinachoendesha pampu, namba kubwa kabisa unayoweza kubeba ni ipi, kibao kikajibu vilevile, 32767, bila haya, na nje ya kibanda fimbo ikatua tena mgongoni mwa Ladu mlinzi, sauti ya kitu kibichi, na Ladu akalia "Mama!", mzee mwenye wajukuu anamwita mama yake... kwenye kompyuta ilikuwa bilioni mbili na ushei, alipima mwenyewe, programu nzima aliijaribia humu kwenye kompyuta, zikifika lita elfu arobaini zima pampu, ikazima, akaringa, akanywa soda ya Kadar mwenye kituo, kumbe int ileile, neno la kuwekea namba kwenye programu, kwenye kibao cha rahisi inabeba kiduchu, na wala asiseme hakufundishwa, kule Kampala mwalimu alisema kila mashine ipimeni yenyewe, yeye akili yake ilikuwa kwenye simu chini ya meza... tangi la zamani, la elfu ishirini, halikuwa na neno, ni hili jipya, hesabu ikafika 32767, lita moja zaidi ikaitupa chini ya sifuri, huko kwenye hasi, kibao kikaamini tangi ni tupu, kikavuta maji hadi asubuhi, yakafurika, yakalainisha ukuta wa udongo wa jirani, ukuta ukamwangukia Kiden kitandani, Kiden mke wa Severino, na Severino ndiye huyo nje, sauti imechanika, "Wewe iko nakunywa siko, pombe kali! Bibi yangu nakufa, wewe iko nalala!" na Ladu, "Mimi hapana lala, walahi, mimi naona maji namwagika, mimi nataka zima, lakini wanaambia mimi usiguse..." teke likakata maneno. Nani alimwambia? Annet. Kwa kidole, mbele ya Kadar, mzee Ladu, swichi hii usiiguse kabisa, inajizima yenyewe, ukiigusa utaniharibia hesabu, kama anamkanya mtoto, na mzee akaitika, "Sawa, binti yangu"... mjinga we! maji yanakufika vifundoni bado unashika amri ya msichana, ungegusa tu, ungegusa! alitamani atoke amtandike na yeye, na kweli ngumi ilikuwa imekunjwa juu ya kibodi, kucha zimezama kiganjani... na akitoka aseme nini, int ni nini kwa mtu aliyefiwa, watamburuta kwa nywele, aliona kambini Koboko mwizi wa sufuria akipondwa kichwa kwa jiwe, na miguu ya mtu yule ilivyoendelea kupiga teke wakati uso haupo tena, hapana, hapana, badilisha int iwe long, inayobeba namba kubwa zaidi, neno moja tu, dakika haiishi, hakuna atakayejua, mlinzi alilewa, basi, walinzi hulewa, kidole kikaenda... "Severino, wacha, huyu iko nakufa," mtu alisema nje. "Nakufa! Wacha nakufa!" Severino akajibu. Fimbo, fimbo, kisha kimya, na Annet akatega masikio, akazuia pumzi, kimya bado, mabega yake yakalegea kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha Ladu akakohoa, kikohozi chenye maji, na yeye akakasirika. Akakasirika kwamba yu hai. Mfu hasemi nani alimkataza swichi... Mungu wangu, kumbe alikuwa anangoja, muda wote huu na mistari yake na namba zake alikuwa amekaa hapa anangoja wammalize, Severino angalau anapiga kwa uchungu wa mkewe, yeye je, aliogopa, si wale wa nje, alijiogopa mwenyewe, ni mimi, sema, ni mimi, neno lilimjaa mdomoni pamoja na damu ya ulimi alioung'ata bila kujua, ni mimi, na miguu bado ilikuwa chini ya meza, na fimbo ikatua.