Rangi ya Kucha Kaburini

Katika makaburi ya walowezi wa kwanza wa Kijapani, kwenye vilima vya chai vya Brazili, bibi Hatsue alirudi nyuma ghafla. Jina lake lilichongwa kando ya la marehemu mumewe, likapakwa nyekundu, kwa desturi yao, kwa kuwa yu hai. Ukifa, wekundu hufutwa. Leo ulikuwa umefutika.

“Mvua tu hiyo, mama. Woga gani huo!” Bintiye Neide, asiyejua kusoma Kijapani, akachomoa rangi nyekundu ya kucha, akapaka jina moja. “Haya, umefufuka!”

Hatsue akavaa miwani. Akalisoma jina lililopakwa.

“Mwanangu, uliyemfufua ni baba yako.”

Neide, mwenye makovu ya mkanda wa baba mgongoni, akaanza kufuta kwa viganja. Rangi haikutoka.