Ngozi ya Palizi

Jumatano jioni Nyanjige alikuwa nyuma ya nyumba yake huko Shishiyu, ameketi kwenye kigoda, anasugua kisigino kwa jiwe, ngozi ilipoanza kuachia. Ilianzia kisiginoni, ikapanda mpaka gotini, na alipoivuta taratibu ikaja yote hadi utosini bila kuchanika. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, nyeusi, na kovu la sufuria ya ugali lilikuwa palepale kwenye kifundo cha mkono. Aliisuuza, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba kati ya shuka na khanga. Kisigino cha pili hakikuhitaji tena kusuguliwa, akafurahi kuokoa maji.

Alijua mara moja ni nani atakayeivaa. Binti yake Joyness alizaliwa na ualbino. Ana miaka kumi na tisa, mikono inayolijua jembe kuliko ya wanaume wengi pale kijijini, na shingo iliyojaa vidonda vya jua. Nyanjige kwa upande wake ana ngozi nzuri na kiuno kibovu. Akiinama mara mbili, ya tatu anabaki hukohuko. Kwa hiyo pamba yao ilikuwa imemezwa na magugu. Shemeji yake Mwandu, mtu mwenye huruma nyingi za mdomoni, alikwisha kusema kwamba shamba lisipopaliliwa na mwaka huu litarudi kwenye ukoo. Nyanjige na binti yake hawakuwa na shamba jingine.

Kikundi cha kupalilia kilikuwapo. Kila msimu watu walikwenda kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyepalilia kwa wenzake hakupaliliwa. Mabula, kiongozi wao, alikuwa amemkataa Joyness misimu miwili mfululizo, kwa upole sana. "Jua litakuua, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Sisi tunakuonea huruma tu."

Nyanjige alimwamini. Alilichukia jua kama mtu anavyomchukia jirani mchokozi. Kila asubuhi alimpaka binti yake samli, kama anavyopakwa mtoto mchanga, na samli ikamkaanga, mpaka muuguzi mmoja wa mjini Bariadi, Felisita, akamwambia samli ni ya wali. Akampa losheni, ambayo iliisha kabla ya Krismasi, na maelezo, ambayo hayakuisha. Ngozi ya juu kabisa, alisema, ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama nyasi za paa. Chini yake ziko zilizo hai, na kila moja imejifunika rangi nyeusi kama mwavuli, ili miale mikali ya jua imezwe hapo, isifike ndani kuharibu. Joyness paa analo. Mwavuli ndio hana.

Alhamisi alfajiri Joyness aliivaa ngozi ya mama yake. Ilimpwaya kiunoni, ikambana mabegani.

"Inanukia wewe, mayu," alisema, akachukua jembe akaenda.

Mabula alimtazama juu mpaka chini. "Umevaa ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Imekukaa," alisema Mabula, akamwonyesha mstari wake.

Siku hiyo Nyanjige alishinda ndani. Bila tabaka lile mwili wake ulikuwa wa waridi na laini, na mwanga wa mlangoni ulimchoma kama mvuke wa chungu. Alisogeza kigoda, akakisogeza tena, hadi kikafika kwenye kona ambayo Joyness alikuwa akikaa tangu utoto. Aliwahi kumgombeza kwa kupenda giza. Sasa aliketi palepale, akaona haya.

Jioni Joyness alirudi bila lengelenge hata moja jipya. Alivua ngozi, mama yake akaivaa apate kupika.

"Milembe alikunywa maji baada yangu," Joyness alisema, uso umemchangamka. "Hakufuta hata mdomo wa kibuyu."

"Kwani zamani, misibani, walikuwa wanafuta?"

"Zamani hawakunipa."

Nyanjige aliendelea kusonga ugali. Jambo hilo lilimuuma kuliko mwanga wa mlangoni, lakini moto ulikuwa mkali na ugali hausubiri.

Zamu yao ilipofika, kikundi kizima kiliingia shambani, Joyness akiwa ndani ya ngozi, na mwenye shamba, kama ilivyo desturi, ndiye anayewapelekea wapalizi maji. Nyanjige alivaa kofia pana ya binti yake na gauni la mikono mirefu, akajitwika kibuyu, akatoka kwenye jua la utosi.

"Mwadila, mayu," alisema Mabula.

"Mwadila." Nyanjige akamnyooshea kibuyu.

Mabula hakunyoosha mkono. "Weka hapo chini tu, mama. Bado hatuna kiu."

Midomo yake ilikuwa imekauka na kufanya mistari myeupe. Milembe aliangalia jembe lake. Nyanjige akakiweka chini.

Joyness alikuja, akakiinua, akanywa, akampa Mabula. Mkono uliokuwa na kovu la sufuria Mabula aliupokea bila wasiwasi. Alikunywa, akashusha pumzi, akampa Milembe, naye akawapa wengine. Maji yalikuwa yaleyale. Nyanjige alisimama pale shingo ikianza kumwiva, akatambua kwamba jua alikuwa amelisingizia misimu yote miwili.

Kabla ya jioni magugu yalikwisha. Mwandu alipita njiani, akaliona shamba jeupe, akawapongeza, wala hakugusia habari za ukoo.

"Kesho ni kwa Kija," Mabula alisema akifuta jembe. "Joyness, usisahau kuja na ngozi."

"Sitasahau."

Nyumbani Joyness alimkanda mama yake shingo kwa kitambaa cha maji baridi. Samli hawakuigusa.

"Utaenda kweli?" Nyanjige aliuliza.

"Nitaenda. Wakitukosa, mwakani hawaji. Ila maji nitabeba yangu."

Nyanjige alipanda kwenye stuli, akatafuta juu ya kabati, akapata kibuyu kidogo cha marehemu mumewe. Akakipuliza vumbi, akakisuuza. Kabla ya kulala Joyness alivua ngozi, mama yake akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, na kibuyu akakitundika pamoja nayo.